Mtaro wa Mzee Libère na Punje ya Dhahabu

Libère alikuwa mtu wa kufunga mlango kana kwamba ndani kuna mtoto aliyelala. Mkewe Liliane, aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia na kucheka mpaka nyumba ya tatu wakasikia, alikuwa akiwaambia watu kwamba ameolewa na paka. Unageuka, yuko nyuma yako, na hukusikia hata unyayo.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya barazani na hakuna anayenong'ona. Alipofika Kigali akiwa kijana, pamoja na wazazi waliokuwa wakirudi katika nchi waliyoikimbia, alikuwa mpiga kelele kama wenzake. Kazi ndiyo iliyomnyamazisha. Alijifunza ufundi wa miwani katika kibanda kimoja mjini, na skurubu ya miwani ni kitu kidogo chenye kiburi. Ukipumua ovyo inaruka, nawe utaitafuta chini ya meza hadi adhuhuri. Miaka ikaenda, akawa mtu ambaye akishika kitu kidogo mwili wake wote unatulia, kama maji ya mtungi yaliyoachwa usiku kucha.

Siku moja akaja mteja, mwanamke kijana mwenye fremu iliyokatika. Badala ya kwenda zake na kurudi jioni, alivuta kiti akamtazama Libère akifanya kazi. Fremu ilipokuwa tayari hakuivaa. Alimwuliza kama angependa kuning'iniza kioo kwenye uzi usioonekana.

Huyo alikuwa Dokta Phiona. Alikulia Kampala, akasomea fizikia Ulaya, kisha akaja Kigali na kufungua maabara ndogo katika chumba cha chini ya ardhi cha jengo moja la utafiti kwenye mteremko wa Rebero. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, lakini alikitumia bila haya, na Libère alimpenda kwa hilo.

"Mzee, mimi natafuta kujua uvutano ni kitu gani," alimwambia siku ya kwanza kazini.

"Uvutano unajulikana, Dokta. Ukiachia kikombe, kinaanguka."

"Hiyo ni tabia yake. Mimi nauliza ukoo wake."

Akamweleza. Kitu kidogo sana, ukikiacha peke yake bila kukigusa wala kukimulika, hakifuati sheria zetu za kila siku. Kinaweza kuwa kana kwamba kiko hapa na pale kwa wakati mmoja. Hilo limepimwa mara nyingi na halina ubishi, na sheria zinazolitawala huitwa sheria za kwanta. Sasa, kila chenye uzito huvuta vingine. Kitu hicho kikiwa hapa na pale, kinavuta kutoka wapi? Je, na mvutano wake nao unakuwa hapa na pale?

Libère alifikiri kidogo. "Nani anajua?"

"Hakuna. Ndiyo maana iko kazi."

Jioni ile alimsimulia Liliane huku akimenya ndizi. Liliane alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaani mume wangu yuko kazini, na wakati huohuo yuko kwa jirani anakunywa pombe. Mimi nikiondoka kwenda kumkamata, nishike njia gani?"

"Ndilo swali lenyewe," alisema Libère, na usiku ule hakupata usingizi kwa furaha.

Swali lenyewe lilikuwa mbali bado, kama kilele unachokiona ukiwa bondeni. Kwanza ilibidi wapande hatua ya chini: kuonyesha kwamba wanaweza kusikia mvutano wa kitu kidogo kabisa. Libère alivuta uzi wa kioo juu ya moto mwembamba hadi ukawa mwembamba kuliko unywele. Kwenye ncha yake alining'iniza kioo cha kujitazamia chenye ukubwa wa punje ya dengu. Uzi wa kwanza ulikatika, wa pili ukakatika, na kuna uzi mmoja uliokatika kwa sababu alipiga chafya. Tangu siku hiyo Liliane hakutia pilipili katika chakula cha asubuhi. Uliposhika, waliufungia ndani ya tangi la chuma na kufyonza hewa yote. Mwanga wa leza uliingia kupitia dirisha dogo, ukadunda baina ya kioo kile na kingine kilichosimama imara, ukienda na kurudi mara zisizohesabika, na kila kioo kilipotikisika hata chembe, mwanga ulileta habari. Kando yake, nyuma ya ukuta mwembamba wa chuma, punje ya dhahabu kama ya pilipili manga ilisogezwa mbele na nyuma kwa mdundo mmoja wa polepole. Kama dhahabu ile inakivuta kioo, basi kwenye skrini ya kompyuta, mahali palepale pa mdundo huo, kingepaswa kuota kichuguu kidogo.

Hakikuota. Kilichoonekana ni lori la mchanga likipanda Rebero. Ilionekana pikipiki, ikaonekana mashine ya kuchanganya zege kwenye jumba la jirani, na kila saa sita mchana zilionekana hatua za wafanyakazi wakienda kula. Mji mzima ulikuwa ukikitikisa kioo, na ndani ya mtikisiko huo punje ya dhahabu ilipotea kama sauti ya mgonjwa sokoni Kimironko.

Na leza haikuwa yao. Chuo kimoja cha ng'ambo kiliwaazima, na Jumatatu inayofuata ilitakiwa iwe imefungwa kwenye sanduku ikingojea ndege. Phiona aliketi akiitazama skrini, akasema taratibu kwamba pengine wataiomba tena baada ya miaka miwili, mitatu.

Libère alikunja vidole vyake na kuvikunjua. Alikuwa na umri wa kutosha kujua miaka mitatu inaweza kufanya nini kwenye mikono ya mtu. Tayari asubuhi za baridi kidole chake cha shahada kilikuwa kikichelewa kumtii.

"Dokta," alisema, "Jumamosi ni umuganda."

Kila mkazi wa Kigali anaijua asubuhi hiyo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu hutoka na majembe na mafagio kufanya kazi ya pamoja ya mtaa, tangu saa mbili mpaka saa tano. Maduka hufungwa, magari na pikipiki husimama. Libère alikuwa ameshiriki umuganda tangu ujana wake, na kila mara alipopumzika akiegemea mpini wa jembe, alistaajabia jinsi mji ulivyokuwa kimya. Ungeweza kusikia kengele ya kanisa la kilima cha pili.

Phiona alimtazama, uso wake ukafunguka polepole. "Mji wote unazima," alisema. "Mzee, wewe ni hazina."

Kesho yake Libère alikwenda kwa mkuu wa mudugudu wao kuomba ruhusa ya kuwa maabarani badala ya kazini na wenzake. Mkuu wa mudugudu ni yule anayeongoza mtaa na kuwaita watu, na wa kwao alikuwa Mama Mukabalisa, mama mpana mwenye duka la vitambaa, aliyekulia Mwanza. Yeye na Libère walizungumza Kiswahili siku zote, kwa raha tu, kama watu wawili wanaolamba asali ya nyumbani.

"Ruhusa nakupa, bwana Libère," alisema. "Lakini usije ukajuta kwa kukosa. Safari hii nimekuandalia zawadi."

"Zawadi gani?"

"Zawadi haitajwi. We nenda kacheze na vioo vyako."

Jumamosi, saa mbili ilipogonga, mstari kwenye skrini ulilala. Haukuwahi kulala vile. Libère na Phiona walisimama mbele yake bila viatu, soksi tupu sakafuni, wakitazamana kama wezi waliokuta mlango wazi. Punje ya dhahabu ilikwenda na kurudi. Phiona alinong'ona kwamba vipimo vikijumlishwa mpaka saa tano, kichuguu kitakuwa na muda wa kuota, kama kipo.

Kisha mstari ukaruka. Ukaruka tena. Baada ya muda mfupi ukawa kama meno ya msumeno.

Phiona alikagua pampu ya kufyonza hewa. Ilikuwa imezimwa kama walivyopanga. Alikagua nyaya na meza. Libère aliweka kiganja ukutani, akaganda. Ukuta ulikuwa unapigwa kutoka nje, kwa mapigo mengi yasiyolingana, dub, dub-dub, dub. Alipanda ngazi mbilimbili na kufungua mlango wa nyuma.

Mteremko wote juu ya jengo ulikuwa umejaa watu. Mudugudu mzima ulikuwa pale, wamejipanga kwa mstari kuufuata ukuta wa maabara, wanainua majembe na kuyashusha. Mbele yao alisimama Mama Mukabalisa akiwa na kofia ya majani, na alipomwona Libère alitanua mikono.

"Mzee Mtaro huyo. Njoo uone zawadi yako."

Libère alishika fremu ya mlango. Mtaro ule ni yeye aliyeuomba. Kila mvua kubwa maji yalishuka kilimani na kuingia chumba cha chini, na katika kila mkutano wa mudugudu, mtu huyu asiyesema neno alisimama, akaomba mtaro uchimbwe juu ya jengo, akaketi. Watu walimtania mpaka wakampa jina. Sasa walikuwa wakimchimbia, kwa moyo wote, asubuhi moja tu ambayo hakupaswa kuchimbiwa. Na kosa lilikuwa lake mara ya pili, kwani ni yeye aliyeuita umuganda kimya. Asubuhi zote zile alikuwa nje, jembe mkononi, akisikiliza magari yasiyokuwepo. Mwenye kulima hasikii jembe lake. Hakuwahi hata mara moja kuwa chini ya ardhi wakati kilima kikilimwa.

Alimsogelea Mama Mukabalisa, akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Mama, naomba wasimame."

"Wapumzike? Ndiyo kwanza wameanza."

"Waache kabisa. Mpaka saa tano."

Mama Mukabalisa alimtazama kama anayemtafuta mlevi ndani ya macho ya mtu mzima. "Bwana Libère. Umenililia mtaro huu kwenye mikutano mpaka nikauota. Nimeuleta. Sasa huutaki?"

"Nautaka. Ninautaka saa tano."

"Saa tano watu wanakwenda zao. Leo ni Jumamosi, kuna harusi, kuna soko."

Watu wa karibu walikuwa wameacha kuchimba ili wasikilize. Kamanzi, dereva wa pikipiki mwenye ulimi mwepesi, aliegemea jembe lake. "Muzee Mtaro," alisema, "mke wako ulimchagua vipi? Asubuhi ulimtaka, jioni ulimkataa?"

Walicheka. Libère hakucheka, wala hakukasirika. Aliona kwamba dakika zinayeyuka na Dokta yuko chini peke yake mbele ya meno ya msumeno. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alipanda juu ya rundo la udongo waliochimba na kupaza sauti, akawaambia watu wote, kwa Kinyarwanda, ukweli mtupu: kwamba chini ya miguu yao kuna kioo kidogo kinachongoja kuguswa na mvutano wa punje ndogo, kwamba chombo cha kukipimia kinaondoka Jumatatu, kwamba kila jembe ni tetemeko, na kwamba mjinga aliyechagua siku hii ni yeye. Kisha akashuka.

Mama Mukabalisa alivua kofia akajipepea. Sheria ya umuganda ilikuwa wazi: watu wakiitwa, wanafanya. Hakuna kukaa bure. Lakini umuganda una sehemu mbili, kazi na mkutano, na mkutano ndio huja mwisho.

"Sauti inafika huko chini?" alimwuliza Libère.

"Sauti hupotea hewani. Jembe ndilo linapiga mlima wenyewe. Na miguu."

"Basi tunageuza," alitangaza. "Leo mkutano kwanza, mtaro baadaye. Kila mtu akae chini alipo, na akishakaa asiinuke."

Minong'ono ikaenea. Kulikuwa na mwenye harusi ya mpwa wake saa nane. Kamanzi alisema kwamba saa tano barabara zikifunguliwa ndipo wateja wanapomiminika. Ilikuwa kweli, na Libère alitazama chini kwa sababu hakuwa na la kumlipa. Kisha bibi mmoja mzee, Kabagwira, aliyekuwa hachimbi bali akiwaletea watu maji, alikunja kitenge chake na kuketi kwenye nyasi. "Mimi nimeshakaa," alisema. "Miguu inauma tangu zamani. Mwenye kuondoka anipite kwa ncha za vidole."

Wakaketi. Kamanzi alikuwa wa mwisho, na aliketi kwa madaha, akishusha makalio polepole kama anayeogopa kuvunja yai.

Mkutano ulianza na taka, ukaingia kwenye taa za barabarani, lakini mioyo ya watu ilikuwa chini ya ardhi. Mama Mukabalisa aliliona hilo. "Bwana Libère, umetukalisha. Tuambie tunakalia nini."

Libère alitaka kurudi kwenye skrini. Kila kitu ndani yake kilitaka. Lakini hapo juu palikuwa na mudugudu mzima uliokaa tuli, na kama ungechoka, hakuna ambaye angeutuliza. Akaketi mbele yao, akaanza kueleza.

"Kila kitu kinavuta kingine," alisema. "Jiwe, mti, mtu. Tunaijua dunia kwa sababu ni kubwa. Tunataka kuusikia mvutano wa punje ya dhahabu."

"Dhahabu inavuta kila mtu," alisema Kamanzi. "Hilo halitaki maabara."

"Na mimi navuta?" aliuliza bibi Kabagwira.

"Ndiyo, mama. Hata sasa unamvuta Kamanzi."

"Na yeye ananivuta?"

"Sawasawa na unavyomvuta."

"Basi asogee."

Watu walicheka viganja vikiwa midomoni, mabega yakitikisika, na Libère aliinua mikono yote miwili kuwasihi wasipige miguu. Akaendelea mpaka kwenye swali kubwa, lile la kitu kilicho hapa na pale, akidhani atawapoteza. Bibi Kabagwira alitikisa kichwa. "Mtu hawezi kuwa mahali pawili."

"Kamanzi anaweza," alisema mama mmoja kutoka nyuma. "Ukimpigia simu akiwa mbali huko Ndera anasema niko hapa karibu. Akiwa nyumbani anasema niko hapa karibu."

"Na unamngoja upande gani wa barabara?" aliuliza Libère.

"Sijui. Ndiyo taabu."

"Ndiyo fizikia," alisema Libère, na Kamanzi mwenyewe akajilaza chali kwenye nyasi akicheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Hivyo asubuhi ikasonga. Mtoto mmoja alipotaka kukimbia, kila mkono uliokuwa karibu ulimdaka. Mbwa alipita, watu wakamfuata kwa macho ya vitisho. Libère aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima, na katikati ya maneno yake sikio lake lilikuwa mlangoni.

Saa tano ilikuwa karibu kabisa mlango ulipofunguka. Phiona alitoka na soksi zake, akatembea juu ya nyasi na udongo kwa hatua za mtu anayebeba maji yaliyojaa pomoni. Alipofika kwa Libère alichuchumaa.

"Iko, mzee," alisema.

Libère hakutaka kuamini upesi. "Umesimamisha punje?"

"Nimeisimamisha, kichuguu kikapotea. Nimeianzisha tena, kikarudi palepale. Bado tutahakiki, wiki nyingi za kuhakiki. Lakini iko."

Mama Mukabalisa alikuwa amesikia. "Tunaweza kuinuka?" aliuliza.

Phiona aliitikia kwa kichwa. Chini bondeni pikipiki ya kwanza ilinguruma, kisha ya pili, na mji ukawaka tena. Watu waliinuka wakipangusa nyasi, wakipiga miguu chini kwa makusudi, na Libère alijua kwamba wengi wataondoka na wana haki. Wachache waliondoka kweli. Mwenye harusi aliondoka akikimbia. Wengine walikuwa wakiokota majembe. Kamanzi aliitazama pikipiki yake iliyoegeshwa chini ya kilima, akaguna, akatema mate viganjani. "Nimekaa asubuhi nzima kwa ajili ya mtaro huu," alisema. "Siwezi kuondoka sijauona. Muzee, anza wewe."

Wakamsubiri. Mlango wa maabara ulikuwa wazi nyuma yake, na chini ya ngazi kulikuwa na kile kichuguu alichokitafuta kwa mikono yake yote. Libère alipokea jembe, akaliinua juu ya kichwa, akalishusha kwa nguvu zake zote. Phiona, ambaye hajawahi kuchimba mtaro, alivaa viatu vya mvua vya mtu na kuchukua nafasi kando yake, na kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kumrushia Mama Mukabalisa udongo kwenye sketi.

Jua lilikuwa limeinama walipomaliza. Libère aliosha mikono na kushuka ngazi, akifuatwa na Mama Mukabalisa ambaye alisema haondoki bila kuonyeshwa alichokalia. Phiona alifungua picha ya asubuhi. Mstari ulikuwa umelala kama uwanda, na katikati yake, mahali pamoja tu, uliinuka kidogo.

Libère alisogea, akainama, akakitazama kwa muda mrefu, udongo ukikauka shingoni.

"Ndicho hicho?" aliuliza Mama Mukabalisa, akivaa miwani yake vizuri. "Ni kidogo."

"Kidogo sana, mama."

"Mimi kukiona tu nakiona." Akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Haya. Nieleze tena ile ya hapa na pale. Pale juu nilikuwa nawalinda watoto, sikuisikia vizuri."